Ardhi hulindwa kuanzia nyumbani

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo limewafanya ndugu wa tumbo moja wasipeane hata maji ya kunywa, nalo ni ardhi.

Majuzi nilialikwa na kikundi cha akina mama wa Kinanie, huko Machakos. Kwa yule asiyepajua, Kinanie ni sehemu ya Mavoko, ukishaupita mji wa Athi River. Ni nchi ya jua kali, vumbi na migunga. Akina mama hao hukutana kila mwezi, huchangiana pesa, na kila mmoja hupokea kwa zamu. Tulikula muthokoi, tukanywa chai, na mazungumzo yakawa ya kawaida: karo, bei ya unga, na vijana wasiotaka kuamka asubuhi.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, bibi mmoja mzee, ambaye wote pale humwita Susu, alinivuta kando. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaninong'oneza:

"Mwanangu, wewe umesoma. Hebu nisomee hii kabla sijaweka kidole."

Niliifungua. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza tupu, na chini yake palikuwa pameachwa nafasi ya kidole gumba. Ilikuwa mapatano ya kuuza shamba.

"Mtoto wangu wa kwanza ndiye aliyeileta," Susu akasema. "Alikuja na bwana mmoja mwenye gari. Waliniambia ni ya zile pesa za wazee."

Sikujua nicheke au nilie. Pesa za wazee, zile ambazo Serikali huwapa waliofikisha miaka 70, hazihitaji mtu aandikiane na dalali. Nilimweleza Susu karatasi ile ilisema nini. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaketi chini kama mtu aliyeishiwa na nguvu za miguu. Shamba hilo mumewe alilipata kwa hisa alizonunua katika chama cha ushirika, baada ya uhuru, wakati ranchi za walowezi katika nyanda hizi zilipokuwa zikinunuliwa na wananchi. Alizilipa kidogo kidogo, kwa kuuza mbuzi na kwa mshahara wa kibarua. Ndilo lililosomesha watoto wote, na huyo wa kwanza akiwamo.

Kwa nini madalali wamejaa Kinanie? Sababu moja haifichiki. Serikali ilitenga ekari 500 huko za kujenga eneo la viwanda vya ngozi, chini ya halmashauri ya EPZ. Mahali panapotarajiwa viwanda, bei ya ardhi hupanda. Mimi sipingi viwanda. Vijana wetu wanataka kazi, na ngozi zetu zimeuzwa ng'ambo zikiwa mbichi kwa miaka mingi, kisha tunarudishiwa viatu kwa bei ya kuruka. Lakini maendeleo yanapobisha hodi, ni vyema mwenye nyumba awe macho, ajue nani anaingia na nani anatolewa kwa mlango wa nyuma.

Jioni ile, tukingojea matatu, Susu alinisimulia jambo ambalo lilinifanya niandike makala haya. Alisema kwamba mama yake, akiwa msichana wa kutumwa maji, alikuwa miongoni mwa watu waliotembea kwa miguu hadi Nairobi "kudai ng'ombe". Alikuwa akizungumzia mwaka wa 1938.

Wengi wetu tumesikia jina la Muindi Mbingu kwa sababu ya ile barabara ya Nairobi. Huipita tukienda City Market kununua nyama, wala hatujiulizi mtu huyo alikuwa nani. Basi nisikize. Katika miaka ya thelathini, Wakamba walikuwa wamebanwa katika sehemu walizotengewa na wakoloni. Vilima vizuri vya Mua vilikuwa vimepewa walowezi, na katika nyanda za Athi ambako mifugo ililishwa zamani, palikuwa na ranchi za Wazungu. Watu walipobanwa pamoja na mifugo yao, nyasi zilikwisha na mvua ikaanza kuchukua udongo. Badala ya kuuliza kwa nini watu wamebanwa, maafisa wa Serikali walisema ng'ombe ni wengi mno, wapunguzwe kwa nguvu.

Wakati huohuo, mwaka huo wa 1938, kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda cha nyama hapo Athi River. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Ndipo askari na maafisa wakaingia vijijini, wakahesabu mifugo, wakachagua wa kuondolewa na kuwapeleka mnadani. Maelfu ya ng'ombe waliuzwa hivyo kwa bei duni. Kumbuka kwamba ng'ombe kwa Mkamba wa siku hizo hakuwa nyama tu. Alikuwa mahari ya mwana, maziwa ya mtoto, akiba ya siku ya njaa. Kumchukua ng'ombe ilikuwa kama mtu kuingia katika benki yako leo akachota akiba yako, halafu akakuambia amefanya hivyo kwa faida yako mwenyewe.

Watu wa Ngelani na sehemu nyingine za Machakos walianzisha chama, Ukamba Members Association, na Samuel Muindi Mbingu akawa msemaji wao. Walianza kwa barua. Waliandika kwa gavana, wakaandika hadi Uingereza. Barua zilipokosa kuwasaidia, Julai 1938 watu wapatao elfu mbili au zaidi walishika njia ya Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kwa miguu. Hawakwenda wanaume peke yao. Wanawake na watoto walikuwamo. Walipofika walipiga kambi Kariokor, wakasema hawatatoka mpaka wamwone gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walikaa hapo majuma kadhaa. Hawakuchoma kitu wala kumpiga mtu. Walikaa tu, wakapika, wakalea watoto, wakangoja.

Hawakuwa peke yao. Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia kupaza sauti. Jomo Kenyatta, aliyekuwa Uingereza wakati huo, aliwatetea kwa kalamu huko huko. Serikali nayo ilikuwa na hofu yake: Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia. Hatimaye gavana alikwenda kufanya baraza Machakos, na kabla ya mwaka kwisha ule mpango wa kuuza mifugo kwa lazima ukaachwa.

Lakini tusidanganyane kwamba ushindi huo ulikuja bure. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, na hakurudi hadi mwaka wa 1946. Hebu fikiria jamaa zake walikaaje miaka yote hiyo. Aliuawa mwaka wa 1953. Kile kiwanda cha Athi River nacho baadaye kikawa cha Kenya Meat Commission, shirika lililoundwa mwaka wa 1950, ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la KMC.

Mimi nimejiuliza: ni nini kilichowapa watu wale nguvu, ilhali wengi hawakujua kusoma, hawakuwa na wakili wala gari? Jibu langu ni kwamba habari ya ng'ombe haikuwa siri ya mwanamume mmoja katika nyumba. Mke aliijua, mtoto aliijua, nyanya aliijua. Ng'ombe walipochukuliwa, nyumba nzima iliona. Leo je? Ni wangapi kati yetu, hasa sisi akina mama, tunaojua nambari ya shamba tunalolilima kila msimu? Ni watoto wangapi wanaojua hati imewekwa wapi na imeandikwa jina la nani? Ng'ombe akitolewa zizini hulia. Shamba halilii. Linaweza kuuzwa mara mbili nawe bado unapalilia maharagwe juu yake.

Jambo hili si la Ukambani pekee wala si la Kenya pekee. Huko India kuna watu wanaoitwa Adivasi, maana yake wakaaji wa asili. Wengi wao wanaishi misituni na milimani, na kwa miaka mingi wamehamishwa kupisha mabwawa, migodi na hifadhi za wanyama. Mwaka wa 2007, watu 25,000, wengi wao wakiwa Adivasi na maskini wengine wasio na mashamba, walitembea kutoka mji wa Gwalior hadi Delhi, mwendo wa kilomita 350 hivi, kudai haki ya ardhi. Waliwaongozwa na chama kiitwacho Ekta Parishad. Mwaka wa 2012 walianza safari tena, wengi kuliko mara ya kwanza, na walipofika Agra mnamo Oktoba, Serikali ikaja kuandikiana nao mapatano njiani.

Kilichonigusa ni namna walivyojitayarisha. Jamaa waliweka kando rupia moja kwa siku na konzi ya nafaka, ili siku ya safari ikifika wasiwe mzigo kwa mtu. Je, akina mama wa Kinanie, hilo si jambo mnalolijua? Hiyo ndiyo merigoraundi yenu. Ndiyo mwethya ya mama zetu, walipokusanyika kuchimba matuta shamba hadi shamba mpaka vilima vya Machakos vilivyosemwa vimekufa vikaota mazao tena. Nguvu tunayo. Tofauti ni kwamba wenzetu waliitumia kulinda ardhi, na sisi mara nyingi tunaitumia kununua sufuria.

Tena kuna jambo jingine la huko India ambalo kila mume na mke wanapaswa kulisikia. Mwaka wa 2006 nchi hiyo ilipitisha sheria ya haki za misitu. Sheria hiyo inasema kwamba mtu aliye na mke akipewa haki ya ardhi ya msituni, hati iandikwe majina ya wote wawili, mume na mke. Wale watu ambao wengi huwaona kuwa wako nyuma, sheria yao imewatangulia waume wengi wa mjini wanaoficha hati afisini.

Hapa kwetu, Ogiek wa msitu wa Mau walihangaika mahakamani miaka mingi. Mnamo Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, huko Arusha, iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mnamo Juni 23, 2022 iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi yao ya jadi itambuliwe. Hata hivyo, Novemba 2023 jamaa za Ogiek zilivunjiwa nyumba tena huko Mau. Ndiyo kusema, hukumu nzuri ni mwanzo wa safari. Asiyeifuatilia hubaki na karatasi mkononi na mvua kichwani.

Nasi wa Machakos tuna kidonda chetu wenyewe. Oktoba 2023, matingatinga yaliingia katika ardhi ya Athi River iliyokuwa na mzozo kati ya wakaaji na kampuni ya saruji ya East African Portland. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba ardhi ni ya kampuni. Nyumba za mawe, za watu waliokopa na kustaafu, zilianguka kwa siku chache. Wengi walionyesha stakabadhi za kununua. Walikuwa wamelipa, lakini waliowalipa hawakuwa na kitu cha kuuza. Nimeona wanawake wakikaa juu ya vifusi na magodoro yao, na hadi leo nikikumbuka picha hiyo chakula hakishuki.

Sasa, msomaji wangu, tufanye nini? Mimi si wakili, lakini kuna mambo ambayo kila nyumba inaweza kuanza nayo juma hili.

Kwanza, toeni karatasi sandukuni. Risiti za hisa, cheti cha uanachama, barua ya kugawiwa, hati yenyewe. Zisomwe mbele ya watu wote wa nyumba. Zipigwe nakala, na nakala ziwekwe mahali pengine. Nyumba huungua, na mchwa hajui kuchagua.

Pili, nendeni katika afisi ya usajili wa ardhi mkaangalie shamba lenu limeandikwa jina la nani. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na machozi. Msitume dalali awaangalilie. Mbwa hatumwi kulinda nyama.

Tatu, ikiwa mwenye shamba amefariki, msikae. Wengi hudhani kwamba kwa vile "kila mtu anajua hapa ni kwetu", basi yamekwisha. La! Mpaka mahakama itoe hati ya kusimamia mali ya marehemu, hakuna mtoto, ndugu wala mjane mwenye ruhusa ya kuuza. Mwendo huanzia kwa chifu, kwa barua inayotaja warithi wote. Angalieni barua hiyo kwa makini, kwa sababu hapo ndipo majina ya binti walioolewa hupotea. Sheria ya urithi inamtambua binti sawa na mwana, awe ameolewa au hajaolewa.

Nne, mume na mke waandikishe shamba pamoja. Na hata kama jina ni la mmoja, nyumba mnayoishi haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenzako kukubali. Kwa mashamba ya kilimo kuna tena idhini ya bodi ya ardhi, ambako mke na watoto wazima wanaweza kufika na kusema hapana. Mama, siku ya bodi usiende kupika. Nenda ukaseme.

Tano, hudhurieni mikutano. Mikutano ya ushirika mara nyingi hujaa wanaume kumi na viti vitupu mia. Halafu tunashangaa kusikia ploti zimegawanywa. Na panapojengwa kiwanda, sheria inataka uchunguzi wa mazingira ufanywe na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Ngozi husafishwa kwa maji mengi na dawa kali. Anayeishi karibu ana haki ya kuuliza maji hayo yatakwenda wapi. Ulizeni kwa adabu, ulizeni kwa maandishi, na muulize mkiwa wengi.

Nirudi kwa Susu. Akina mama wa kikundi hawakungoja mwezi mwingine. Jumatatu iliyofuata, watatu walimchukua kwa matatu hadi Machakos, nauli ikatoka katika mfuko wa kikundi. Huko waligundua kwamba shamba bado liko katika jina la marehemu mumewe. Mapatano yale ya kuuza hayakuwa na miguu ya kusimamia. Walisaidiwa kuweka tahadhari katika rekodi ili lisiuzwe kinyemela, kisha wakapita kwa chifu kuanza habari ya urithi. Majina ya watoto wote saba yameandikwa, na yale ya mabinti wanne yakiwamo.

Bado mambo hayajatulia. Mwana wa kwanza alikuwa amekwisha kula arubuni ya dalali, na sasa dalali anadai pesa zake. Kijana huyo hajafika nyumbani kwa mama yake tangu siku hiyo. Baadhi ya wajomba wanasema Susu ameitia nyumba aibu kwa kupeleka siri nje. Nilimpigia simu juma lililopita nikamwuliza kama anajuta.

"Mwanangu," akanijibu, "yule ni damu yangu, na mlango sijaufunga. Akija atakuta chakula. Lakini akija na karatasi, atakuta tuko wengi."

Nilimpa pole kwa yale ya mwanawe. Kuhusu shamba sikuwa na la kuongeza.

Wewe nawe, msomaji, leo jioni mkishakula, kabla ya kuwasha televisheni, uliza swali moja tu mezani: hati yetu iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Kama hakuna anayejua, basi kazi ya juma hili umeipata.